Mtambo wa ripoti haujalala: hoja yako ndiyo inayobeba mzigo usiohitajika

Kila mwisho wa mwezi malalamiko ni yale yale: mtambo umelala, nunueni seva kubwa. Mtambo haujalala. Hoja (query, yaani maagizo ya kuomba data) nyingi tunazoletewa zimeandikwa kwa namna inayoinyima hifadhidata nafasi ya kuacha kazi isiyo na maana.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, haitekelezi hoja kama ilivyoandikwa, mstari baada ya mstari. Huipitisha kwanza kwa mpangaji (sehemu yake iitwayo planner), ambaye hukadiria gharama za njia mbalimbali na kuchagua iliyo nafuu. Njiani huondoa kazi, ila kwa sharti moja: awe na hakika kwamba jibu litabaki lile lile. Hakika hiyo mnampa ninyi.

Chukua jedwali la leseni lililounganishwa kwa LEFT JOIN (muungano unaobakiza kila leseni, hata isiyo na mmiliki) na la wamiliki. Ikiwa ripoti haitumii safuwima yoyote ya wamiliki, na namba ya mmiliki ina kizuizi cha upekee, jedwali la wamiliki haliguswi kabisa. Kizuizi kikikosekana, namba moja yaweza kujirudia, leseni moja ikatoa rekodi mbili, basi mpangaji hathubutu kuruka. JOIN ya kawaida (inayobakiza leseni zenye mmiliki tu) haiondolewi hata pakiwa na ufunguo wa kigeni, yaani kanuni kwamba namba ya mmiliki lazima iwepo kwenye jedwali la wamiliki; usiiandike kwa mazoea.

Jedwali la malipo limegawanywa vipande sita, kimoja kwa kila kaunti ndogo ya Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ukiandika kaunti_ndogo = 'Likoni', vipande vitano huachwa bila kusomwa. Ukiizungushia safuwima hiyo upper (fomula ya kugeuza herufi zote kuwa kubwa) ili kukwepa tatizo la herufi kubwa na ndogo, vyote sita husomwa, kwa kuwa mpangaji hawezi kulinganisha matokeo ya fomula na mipaka ya vipande. Safisheni herufi wakati wa kuingiza data. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: kuchomoa mwaka kwa EXTRACT huiweka kando faharasa ya kawaida ya tarehe (orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji). Andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'. Hili tumelirudia mpaka sauti imekauka.

Kujua kilichoachwa, tanguliza EXPLAIN mbele ya hoja; huonyesha mpango bila kuiendesha. Ukiona One-Time Filter: false, masharti yako yanapingana na hakuna jedwali litakalosomwa, hapo usitulaumu kwa ripoti tupu. EXPLAIN ANALYZE huendesha hoja kikweli, na DELETE iliyo ndani yake hufuta kikweli. Anza na BEGIN, maliza na ROLLBACK, inayotangua mabadiliko. Kisha linganisha rekodi zilizokadiriwa na zilizopatikana. Zikipishana mara kumi au zaidi, mara nyingi takwimu za jedwali, anazokadiria nazo mpangaji, zimechakaa. Kwa mipangilio ya awali, takwimu hujihuisha baada ya mabadiliko kupita rekodi 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali. Jedwali la rekodi 1,000,000 husubiri zaidi ya 100,050. Ukishapakia data ya mwezi, endesha ANALYZE (amri ya kuhuisha takwimu) mwenyewe, usingoje.

SELECT *, yaani kuomba safuwima zote, inahitaji onyo la pekee. Mbali na kuzuia jibu lisitolewe kwenye faharasa peke yake, huvuta namba za simu na vitambulisho ambavyo ripoti haikuviomba. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka data binafsi iwe ile tu inayohitajika kwa kazi husika. Faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5. Kwa kampuni, kiwango hicho au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo. Pale ambapo kosa halikuwekewa adhabu yake, mahakama yaweza kutoza hadi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Hoja ya ripoti ikipita sekunde 60 hukatwa na statement_timeout, kikomo cha muda wa hoja. Hiyo si hitilafu, na kuirusha tena mara kumi kunawachelewesha wenzako tu. Ukileta lalamiko, ambatisha hoja nzima, matokeo ya EXPLAIN na saa ulipoiendesha. Picha ya skrini iliyokatwa nusu hairuhusu uchunguzi, na itarudishwa.