Vita vya kasi vya vifaru: vinashindaje, na vinakwama wapi

Vita vya kasi ni namna ya kupigana ambapo vifaru, magari ya deraya ya kubebea askari, mizinga na ndege hukusanywa mbele ya sehemu moja dhaifu ya adui, huitoboa, kisha husonga mbele bila kugeuka kupambana na kila kikosi kilichobaki kando. Kazi hiyo huachiwa askari wa miguu wanaofuata nyuma. Shabaha hasa si kuua watu wengi. Shabaha ni makao ya amri, simu, madaraja na bohari za mafuta. Vikishakatwa hivyo, jeshi zima linaweza kubaki na bunduki zake mkononi lisijue lifanye nini. Wengi wanaifahamu kwa jina la Kijerumani, blitzkrieg, ingawa halikuwa jina rasmi la mbinu yoyote ya jeshi la Ujerumani. Magazeti ndiyo yaliyolivumisha.

Mfano unaotajwa kila mara ni Ufaransa, mwaka 1940. Watu hudhani Wajerumani walishinda kwa kuwa na vifaru vingi na bora. Sivyo. Ufaransa na washirika wake walikuwa na vifaru vingi zaidi, na kile cha Kifaransa kiitwacho Char B1 kilikuwa na chuma kinene ambacho mizinga mingi ya Wajerumani haikuweza kukitoboa. Lakini ndani ya mnara, yaani sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, wa vifaru vingi vya Ufaransa alikaa mtu mmoja tu: huyohuyo alipakia risasi, akalenga, akafyatua, na bado akatakiwa kuongoza kifaru chake, pengine na vya wenzake. Katika vifaru vikubwa vya Wajerumani kazi hizo ziligawanywa kwa watu watatu, na karibu kila kifaru kilikuwa na redio. Kwa upande wa pili, makao makuu ya Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, huko Vincennes hayakuwa na redio hata moja. Amri zilipelekwa kwa simu, au na mtu aliyepanda pikipiki. Amri ilipofika, mahali ilipohusu palikuwa pamekwisha tekwa.

Kikosi cha Guderian, jenerali wa vifaru wa Ujerumani, kilivuka mto Meuse pale Sedan tarehe 13 Mei. Tarehe 20 Mei Wajerumani walikuwa Abbeville, karibu na bahari, zaidi ya kilomita 200 kutoka Sedan, na majeshi bora ya Uingereza na Ufaransa yamezingirwa kaskazini. Juni 22 Ufaransa ikatia saini kusalimu amri. Kwa maoni yangu kifaru kimesifiwa kupita kiasi katika habari hii. Kilichoshinda ni muda: upande mmoja uliamua jambo leo asubuhi, wa pili ukaliamua kesho kutwa.

Ila angalia na kilichokuwa mwisho wa mbio zile: bahari. Waliozingirwa hawakuwa na pa kurudi ila kwenye meli za bandari ya Dunkirk. Mwaka uliofuata, Juni 22, 1941, mbinu ileile ilipelekwa Urusi ya Kisovieti, ambako hakuna bahari nyuma ya adui. Askari wa Kisovieti walizingirwa kwa mamia ya maelfu, na bado nyuma yao palikuwa na askari wengine, viwanda vingine, na ardhi isiyokwisha. Wajerumani waliingia huko na farasi wasiopungua 600,000, wengi kuliko vifaru vyao mara nyingi sana, kwa sababu sehemu kubwa ya jeshi lao bado ilitembea kwa miguu na kuvuta mizinga kwa farasi. Vifaru vilikimbia, wengine wakabaki nyuma. Reli za Kirusi zilikuwa na upana tofauti, kwa hiyo treni za Ujerumani hazikuweza kupita mpaka reli zibadilishwe. Oktoba mvua ikageuza barabara kuwa tope. Desemba wakasimamishwa karibu na Moscow, bila mafuta ya kutosha wala nguo za baridi.

Kwa Mganda, hata hivyo, somo hili halihitaji kwenda mpaka Moscow. Barabara ya Masaka inatosha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Tanzania kwa vifaru na magari ya deraya, likateka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Kasi ilikuwepo, na upande wa pili ulishtuka kweli. Ila baada ya kufika mtoni, hakukuwa na mpango. Walilipua daraja la Kyaka kwa msaada wa mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe, wakidhani mto utawalinda, kisha wakageukia ng'ombe, mabati na mitambo ya kiwanda cha sukari. Tanzania ikapewa kile ambacho vita vya kasi havitakiwi kabisa kumpa adui: wiki za kupumua. Ikakusanya mabasi na malori ya raia, ikaita mgambo, ikaweka daraja la muda na kuvuka.

Watanzania waliovuka nao walikuwa na vifaru, na mizinga ya roketi ambayo wazee wa Kampala hadi leo wanaiita Saba Saba. Lakini wengi walitembea. Masaka iliangukia mikononi mwao Februari 24, 1979. Kampala, chini ya kilomita 150 mbele, Aprili 11. Karibu wiki saba, kwa umbali mfupi kuliko ule Guderian aliopita kwa wiki moja.

Katikati ya safari hiyo kuna Lukaya. Anayesafiri na taksi kwenda Masaka anapajua: barabara imeinuliwa juu ya kinamasi, majani ya mafunjo kushoto na kulia. Usiku wa Machi 10 vifaru vya T-55 vya Walibya waliotumwa na Gaddafi, pamoja na askari wa Amin, viliteremka kwenye njia hiyo huku roketi zikitangulia. Brigedi ya 201 ya Tanzania, yenye askari wengi wapya, ilivurugika na kukimbia. Mpaka hapo deraya ilifanya kazi yake barabara. Lakini kifaru kwenye tuta la kinamasi hakiwezi kugeuka kando. Kina mbele na nyuma tu. Brigedi ya 208 ikazunguka kwa mbali, ikatokea upande wa Kampala, na alfajiri ya Machi 11 walioshambulia wakajikuta wanapigwa mbele na nyuma. Hawakufika Masaka. Mwaka 1985 wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni la Museveni, nao walizuia jeshi la serikali kwenye barabara hiyohiyo, penye daraja la mto Katonga. Na Mei 2023, mafuriko yalipoharibu daraja la Katonga, mabasi ya Mbarara yalizungushwa kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Jemadari anayepanga vita vya kasi katika nchi ya vinamasi aanze na kuuliza madereva wa malori.

Walibya hao hawakupata somo, au hawakulishika. Mwaka 1987 huko Chad, vifaru vyao vilivunjwa na watu waliopanda Toyota zilizofungwa makombora ya kutungulia vifaru, wakikimbia jangwani kasi kuliko mnara wa T-55 unavyoweza kugeuka. Israel, bingwa wa vita vya kasi mwaka 1967, ilipoteza vifaru vingi Sinai mwezi Oktoba 1973 kwa sababu ilivituma bila askari wa miguu dhidi ya Wamisri waliojificha na makombora ya kubebwa mkononi. Na msafara wa Warusi uliojipanga barabarani kaskazini ya Kyiv mwanzoni mwa 2022 ulikwama kwa mambo ya kale: mafuta, matope, na watu wachache waliovizia kando ya njia.

Kuna kikomo kingine ambacho kasi haikigusi kabisa, nacho ni siku ya baadaye. Wamarekani waliingia Iraq Machi 20, 2003 na kuuteka Baghdad Aprili 9, kisha wakapigana huko hadi 2011. Watanzania walifika mpaka wa Sudan mapema Juni 1979, wakamaliza vita vya vifaru, na bado askari wao walikuwa hapa Uganda mwaka 1981. Kabla hawajaondoka, vita vingine vilikuwa vimeanza: Februari 6 mwaka huo, siku tunayoiita Tarehe Sita, kundi la Museveni la watu wapatao 40, wengine bila silaha, lilishambulia kambi ya Kabamba kutafuta bunduki. Walikosa walichokifuata ghalani, wakaondoka na magari machache, wakaingia msituni Luwero, mahali ambapo kifaru hakina cha kutoboa.