"Rule of thumb" haikutoka kwa sheria ya kupiga wake

Hapa Lamu bado nasikia eti msemo wa Kiingereza "rule of thumb" (kanuni ya kidole gumba) ulitoka kwa sheria ya Uingereza ilomruhusu mume ampige mkewe na fimbo isozidi unene wa kidole gumba. Sheria hiyo haikuwepo jamani. Wanawake kupigwa kulikuwepo, na ni dhulma kubwa, na kuna jaji Francis Buller alosemekana katamka mwaka 1782 kuwa mume aweza kumpiga mkewe kwa fimbo kama hiyo, James Gillray akamchora katuni amebeba fimbo, lakini msemo ulikuwa ushaandikwa tangu karne ya 17, yaani huyo jaji hata hajazaliwa. Maana yake ni kukadiria kwa uzoefu tu, ka vile fundi wa jahazi Matondoni apimavyo ubao kwa shibiri. Kwa hivo mwalimu akiutumia darasani hajamtusi mtu.