Fosforasi ya shambani: ile namba ya maabara si vile mnavyodhani

Watu wakipata ripoti ya udongo wanaikimbilia namba ya fosforasi, ikiwa kubwa wanashangilia, ati chakula cha mmea kipo. Kuwepo kipo lakini kimefungwa bana! Udongo wenye asidi unaishika fosforasi kwa chuma na alumini, na huku kwetu Mombasa penye mawe ya matumbawe inashikwa na kalisiamu. Mmea unakula ile kidogo iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, na hiyo nayo haitembei mbali, milimita chache tu, mzizi ndio unaifuata.

Halafu kuna hii ya "kipimo ni kipimo, maabara zote sawa". Hapa ndo pesa za watu zinakopotelea. Njia ya kupima iitwayo Bray, ya 1945, inatumia asidi nyepesi na floridi, inafaa udongo wa asidi, sasa ukiipeleka kwenye udongo uliojaa chokaa ile asidi inamalizwa na chokaa kabla haijafanya kazi, namba inatoka ndogo, unaambiwa kanunue mbolea na pengine wala huihitaji. Njia nyingine, Olsen ya 1954, inatumia sodiamu bikaboneti ya pH 8.5 (pH ni kipimo cha asidi, juu ya 7 si asidi), na ndiyo ya udongo kama wetu. Mwenye shamba la kichanga chenye asidi kule juu Shimba Hills hesabu yake ni nyingine. Kwa hivyo ukienda maabara uliza mmepima kwa njia gani, na 15 ya Olsen usiishindanishe na 15 ya Bray, hizo si ndugu.

Wengine wanaichukua hiyo namba ya ppm (miligramu kwa kila kilo ya udongo) kama kilo ambazo mahindi yatakula. Sio. Ile namba imelinganishwa na mavuno ya mashamba ya majaribio, inakuonyesha tu kama ukitia mbolea kuna uwezekano mazao yaongezeke. Jua likikaza au mizizi ikiwa mibovu, mmea utalala njaa na namba yako nzuri.

Mbolea ya DAP nayo: ile asilimia 46 ya kwenye gunia si fosforasi tupu, ni P2O5, yaani fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni, fosforasi yenyewe ni kama kilo 10 kwa gunia la kilo 50. Na fosfeti ya mawe ya Minjingu, ile ya Tanzania, inataka asidi ndo iyeyuke, kwenye chokaa itakaa tu hapo.

Na jamani, sampuli musichote pale kuku wanapolala, choteni sehemu nyingi za shamba, muchanganye, ndo mupeleke.