Wili silinda: nunua kwa kipenyo, siyo kwa jina la gari

Msimu wa korosho ukikaribia, malori yaliyolala miezi kadhaa huanza kuletwa gereji hapa Masasi. Wenyewe huulizia tairi na taa. Breki hutajwa mwisho, na ukifungua dramu unakuta lainingi, zile bitana zinazokwaruza dramu, zimelowa: wili silinda, kile kisilinda cha mafuta kinachosukuma breki shuu zenye lainingi, inavuja.

Kwanza tuelewane. Semi zinazobeba saruji kutoka Mtwara hutumia breki za upepo mtupu. Kule kuna chemba na kamu, wili silinda hakuna. Nazungumzia malori madogo kama Canter, Dyna, Elf, na yale malori ya kati ambayo upepo husaidia tu kusukuma mafuta ya breki.

Dukani utasikia, "Nipe wili silinda ya Canter." Canter ipi, bosi? Modeli hazifanani, mbele na nyuma hazifanani, hata kushoto na kulia huweza kutofautiana kwa mahali lilipo tundu la mrija na nipo ya kutolea hewa. Kuna magurudumu yenye silinda mbili. Kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi, imesafishwa, na usome kipenyo kwenye bodi yake. Kikiwa kimefutika, pima tundu kwa venia, kile kipimo cha vipenyo.

Tofauti ndogo ya kipenyo haidharauliki. Silinda ya inchi 1¼ inasukuma kwa nguvu iliyozidi ile ya inchi 1⅛ kwa karibu asilimia 23, presha ikiwa ileile. Ifunge upande mmoja, gari litavuta upande huo kila ukikanyaga. Ifunge pande zote za nyuma, pedali itashuka zaidi kwa kuwa silinda inadai mafuta mengi, na lori likiwa tupu matairi ya nyuma yatajifunga mapema na kuteleza. Wanaotafuta "kubwa kidogo ili ishike" wanaharibu uwiano wa mbele na nyuma uliopangwa kiwandani.

Sasa, ubadilishe raba za ndani zinazozuia mafuta tu, au silinda nzima? Raba ni rahisi, naelewa. Lakini mulika tundu kwa tochi. Kutu ya juujuu kwenye chuma hutoka kwa msasa laini. Kishimo kinachonasa ukucha hakitoki, na raba mpya italika hapo hapo. Silinda ya aluminiamu usiiguse na msasa kabisa. Kwa gari lililokuwa likibeba chumvi Lindi, mimi hubadilisha nzima, tena kwa jozi, kushoto na kulia, na lainingi zilizolowa mafuta natupa. Wapo wanaozichoma moto ili zikauke. Hapana.

Mafuta nayo yanachangia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huleta kutu kutokea ndani. DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta hayo) mpya lazima istahimili nyuzi joto 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini ni 140. Dereva anayeshuka kutoka Newala na mzigo akiwa ameng'ang'ania breki anazihitaji zile nyuzi 65 zilizopotea. Na asije utingo akaongezea oili ya injini: raba zote zitavimba, kuanzia masta silinda, ile inayosukumwa na pedali.

Kwenye kufunga, weka vigingi na stendi, usitegemee jeki. Legeza ajasta ya breki shuu kabla ya kuvuta dramu. Vumbi lioshe, usilipulize kwa upepo, maana lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Nati ya mrija ianze kwa vidole kabla hujakaza bolti za silinda, la sivyo utaharibu nyuzi za kukazia za spea mpya. Dramu ikiwa nje, mtu asikanyage pedali, pistoni zitatoka.

Ukisharudisha dramu, rekebisha breki shuu kwanza ndipo utoe hewa, kwa kawaida ukianzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima injini ikiwa inawaka. Pedali ikizama polepole, bado kuna mahali panavuja, na lori halitoki gereji.