Shingo sio shavu: uongo wa kunyoa ninaousikia kila wiki

Mwezi uliopita nimemaliza kumnyoa jamaa mmoja, nampa kioo ajiangalie, yeye badala ya kuangalia anapitisha vidole shingoni juu chini, anakunja uso. "Kinyozi bado hii, naisikia kama msasa, pitisha tena." Nikamwambia braza hapa nimeshapita mara mbili, ngozi imeshaanza kuchemka, nikipita ya tatu wiki hii hii utarudi na vipele. Akanijibu vipele anavyo miaka yote na ndio maana anataka inyolewe chini kabisa, ili viishe.

Nikaweka wembe mezani. Sijui ni mtu wa mia ngapi huyu kuniambia hayo maneno, na nimechoka kuyajibu nimesimama na povu mkononi, kwahiyo naandika mara moja.

"Vipele vinatoka kwa sababu wembe haujafika chini." Hapana, vinatoka kwa sababu umefika chini mno! Sikiliza jinsi inavyokuwa. Ndevu za kipilipili hazioti wima kama miti, zinatoka zimelala, na hata kule ndani ya ngozi kile kifuko unywele unapoota kimepinda. Sasa ukienda kinyume na mlalo wake, au ukagandamiza wembe, au ukaivuta ngozi mpaka ikawa ngoma, unywele unakatwa ukiwa umechomoza zaidi ya kawaida yake, ukiachia ngozi unarudi ndani, ncha inabaki chini ya usawa wa ngozi. Siku hiyo shingo inateleza kama ya mtoto mchanga na unajisikia mfalme. Lakini ile ncha imekatwa mshazari, ina makali kama sindano, na unywele haujaacha kukua, unasogea kidogo kidogo, hata nusu milimita kwa siku haifiki, na kwa kuwa umejikunja badala ya kutafuta mlango wa kutokea unatoboa ukuta pembeni. Au unatoka vizuri kabisa halafu unapinda unaingia tena kwenye ngozi milimita moja au mbili kutoka ulipotokea. Mwili haujui kama huo ni unywele wako mwenyewe, unauona mwiba, unaanza kupigana nao, panavimba, panawasha, wakati mwingine panatunga usaha. Hicho ndio kipele chako. Sio damu chafu, sio vumbi, na sio kwamba sabuni imekukataa.

Kwahiyo mtu anayenyoa chini zaidi ili kutibu vipele ni kama anayezima moto kwa mafuta ya taa, alafu kesho anashangaa.

Na wembe anaoutumia nao unamsaidia kuharibu. Gillette walitoa wembe wa makali mawili, ule Trac II, mwaka 1971, wa matatu ukaja 1998, wa matano 2006, na kila mtu akaamini makali yakiongezeka shingo inapona. Kazi ya yale makali yaliyopangwa ni kwamba la kwanza linaushika unywele na kuuvuta, la nyuma linaukata kabla haujarudi, yaani umetengenezwa makusudi ufike chini ya ngozi. Mwenye ndevu za kunyooka unamfaa, hongera yake. Mwenye kipilipili na shingo ya vipele akiutumia huo anapanda mwenyewe mbegu za vipele vya wiki ijayo. Mimi namwambia arudi kwenye wembe wa kiwembe kimoja, ule wa zamani wa kufungua na kuweka kiwembe chembamba, uushike kwa vidole bila kukaza ngumi, uzito wake peke yake unatosha, mkono wako usiongeze kitu. Kichwa cha wembe kilale hivi kiasi cha nyuzi 30 na ngozi, ukisikia unakwangua badala ya kukata umekosea pembe, usiongeze nguvu.

Sasa kuna wale wajanja wanaoniambia "mimi nafuata mlalo kinyozi, nashuka tu juu kwenda chini". Huo ni mlalo wa shavu! Nani alikuambia shingo inafuata shavu? Chini ya taya ndevu nyingi zinashuka, sawa, lakini ukivuka kikoromeo kwa watu wengi zinageuka zinapanda juu, pembeni zinalala kuelekea sikioni au nyuma, na kuna shingo ina sehemu inazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Mtu wa hivyo akishuka tu moja kwa moja, nusu ya shingo amenyoa kinyume bila kujua, na hiyo nusu ndio yenye vipele kila siku, hata haulizi kwanini upande wa juu ni safi. Dawa yake ni kuacha ndevu siku mbili tatu, kisha upitishe kidole juu, chini, kushoto, kulia, kipande kwa kipande. Panapoteleza ndio mlalo, panapokwaruza ndio kinyume. Chora kwenye karatasi kama unasahau, mimi nina wateja nimewachorea na wanacheka lakini wanazo mpaka leo.

Ukishajua mlalo, pita mara ya kwanza kwa kuufuata, mistari mifupi, suuza wembe, paka povu tena (TENA, sio kupitisha wembe kwenye ngozi kavu eti pamebaki kidogo), mara ya pili pita kwa ubavu, yaani kukatiza mlalo, basi. Kinyume usiende. Ndio, ukirudisha kidole kinyume utasikia vijinywele. Sasa kwani nani huwa anakupapasa shingo kwa kinyume zaidi ya wewe mwenyewe mbele ya kioo? Mtu akikuangalia anaona shingo safi. Na ngozi usiivute, inua kidevu tu ikae sawa, kama una ngozi legelege shika kidogo kwa kidole isikunjane, usikaze.

Ambaye ameshaharibika tayari, shingo imejaa, huyo sina la kumnyolea, aache kunyoa wiki tatu mpaka nne, nywele zilizonasa nyingi zitakuwa ndefu zijichomoe zenyewe. Kama kazi yake haimruhusu kufuga basi mashine, na mashine isilale kwenye ngozi, iache kama milimita moja hivi juu. Najua milimita moja sio kipara, ndio maana yake. Na tafadhali kibano weka mbali. Ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi kama kitanzi, chukua sindano safi, inua ncha itoke nje, iache hapo. Ukiung'oa, unaokuja nyuma yake unaanzia ndani kabisa na ncha kali na njia ni ileile iliyopinda, kwahiyo umeahirisha tu tena kwa riba. Vikianza kuacha makovu yanayovimba magumu acha kuhangaika na vinyozi, nenda kwa daktari wa ngozi.

Haya, mengine nayapitia haraka maana hilo la juu ndio linaloninyima usingizi.

Eti "ukinyoa zinarudi nene na nyeusi". Wembe unakata kilichokufa juu, mzizi uko ndani huko hauna habari. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, ukikatwa unabaki na kisiki kipana, ukigusa unahisi mnene, basi hiyo ndio siri yote. Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilipima hili jambo mwaka 1928 akakuta kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya kuota. 1928! Na bado kijana wa miaka kumi na sita ananiambia anyolewe kila siku ili ndevu zijae.

"Maji ya moto yanafungua matundu, ya baridi yanayafunga." Matundu ya ngozi sio madirisha, hayana msuli wa kufungua na kufunga. Maji ya uvuguvugu ni muhimu sana lakini kwa sababu nyingine, unywele ukinywa maji unalainika na unakatika bila kuvutana na wembe, na hilo linataka muda, dakika mbili tatu, sio kujirushia maji mara moja na kuanza. Nyoa ukitoka kuoga, au weka taulo lenye uvuguvugu ukae utulie. Ya moto sana yanakausha ngozi na kuikera kabla hata hujaanza. Ya baridi mwishoni kama unayapenda jimwagie tu, yanapoza, hayadhuru.

"Ikiwasha ndio inafanya kazi." Hapa nazungumzia aftashevu za spiriti na wale wanaopaka spiriti yenyewe, anaruka ruka kama kakanyaga kaa la moto alafu anasema sasa vijidudu vimekufa. Umechubua ngozi umeimwagia pombe, kinachowasha ni ngozi yako. Chukua losheni isiyo na spiriti wala manukato makali, ipake ngozi ikiwa bado na unyevu. Mimi binafsi mtu wa shabu, sitaki kusikia kingine, lile jiwe unalilowesha na maji unapitisha taratibu unasubiri kidogo unasuuza, linakata damu za mikwaruzo midogo na zaidi ya yote ni mwalimu mkali, pale linapokuuma ndipo ulipogandamiza wembe. Lisipouma kabisa siku hiyo ulinyoa vizuri. Ila usilipitishe mara kumi, linakausha.

Kuna anayesema wembe uliochoka ni mpole kwa shingo kuliko mpya. Mpole wapi, wembe butu haukati, unavuta, na wewe bila kujua unagandamiza, tumerudi kulekule. Ukishanyolea mara tano mpaka saba tupa, ndevu zako zikiwa ngumu tupa mapema. Na wa mwenzako usiuguse hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na kwenye kunyoa damu hutoka hata pale usipoiona.

Povu nayo jamani. Sio lazima ufanane na keki. Povu kubwa la mapovu makubwa limejaa hewa tu, unachotaka ni utelezi, shika kati ya vidole viwili, visiposerereka ongeza tone la maji kwenye brashi uzungushe tena.

Yule jamaa wa mwanzo tulikubaliana afuge wiki tatu. Alivumilia, siwezi kumnyima sifa zake, alilalamika kila tulipopishana lakini alivumilia, na aliporudi vipele vingi vilikuwa vimelala. Nikamchorea ramani ya shingo yake, ya kwake inapanda kutoka chini mpaka kwenye kikoromeo, nikapita mara moja kwa mlalo, mara moja kwa ubavu, nikampa kioo. Akajiangalia vizuri. Akanyanyua mkono, vidole viwili, kutoka chini kwenda juu. Hakukwaruza kitu, akaniangalia kwa jicho la ushindi eti "unaona, kumbe inawezekana", nikamwambia sasa shusha vidole kutoka juu kwenda chini, huko ndio kinyume kwako.

Akakunja uso.