"Pull out" siyo kuvuta nje

Juzi hapa chuoni nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la jioni nikakuta "The train pulled out at six" imetafsiriwa "treni ilivuta nje saa sita". Hiyo ya saa tuiache, maana six yao ni saa kumi na mbili yetu, leo naitaka hiyo "pull out" kwa sababu inawakwamisha wengi.

Mi naona tuanzie kwetu. Tuna chomoa na chomoka. Unachomoa mwiba mguuni, unachomoa flashi kwenye kompyuta, basi linachomoka stendi alfajiri, na yule mliyekubaliana mchange hela ya harusi akighairi dakika za mwisho mtaani mnasema jamaa kachomoa. Zote hizo "pull out" inazibeba, yaani kitu kilikuwa ndani au katikati ya wenzake, sasa kimetoka.

Shida ni kwamba sisi mwisho wa kitenzi unatuambia kama kitu kimetolewa au kimetoka chenyewe, Kiingereza hakina hiyo, kwahiyo angalia kinachofuata. "He pulled out a knife", kachomoa kisu. "He pulled out", nukta, basi katoka yeye mwenyewe. Na "it" inakaa katikati, "pull it out", usiseme "pull out it" hata siku moja.

Ukijitoa kwenye jambo weka "of": Tanzania pulled out of COMESA in 2000 (COMESA ni lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Jeshi nalo hivyohivyo, Marekani pulled its troops out of Afghanistan, wa mwisho wakaondoka Agosti 2021.

Usiichanganye na "back out". Hiyo ni umeahidi halafu umerudi nyuma, ina lawama ndani yake. Mkimbiaji aliyeumia goti asubuhi ya mbio "pulled out", ukisema "backed out" unamwonea. Hela ya benki wao wanaandika "withdraw", ukijaza fomu tumia hiyo.

Na kama una ndugu anajifunza gari Uingereza mwambie hili mapema: yuko kwenye kibarabara kidogo anasubiri, mkufunzi akimwambia "don't pull out yet" maana yake usiingie barabara kubwa, kuna gari linakuja. Sisi tunasema kuingia, wao wanasema kutoka, ni barabara ileile.