Mnyama akifa, mayai yake hayafi papo hapo

Wengi wanaamini kwamba moyo wa mnyama ukisimama, uzazi wake nao umekwisha. Sivyo. Mayai machanga yaliyomo kwenye ovari yamelala tangu mnyama mwenyewe hajazaliwa, na kwa saa kadhaa baada ya damu kusimama bado yanaweza kuamshwa. Ushahidi uko machinjioni. Tangu miaka ya 1980 wataalamu huchukua ovari za ng'ombe waliochinjwa, wakazitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na kuzikimbiza maabara. Huko hunyonya kwa sindano majimaji ya vifuko vya mayai vilivyo kwenye ovari, vyenye upana wa milimita 2 hadi 8, kisha huyatafuta mayai kwa hadubini. Yai zuri hujulikana kwa macho: limevikwa tabaka kadhaa za seli zilizoshikamana, na rangi yake ndani ni sawasawa. Lililo uchi hutupwa. Mazuri hukaa takriban saa 24 kwenye joto la nyuzi 38.5 ndipo yakutanishwe na mbegu.

Dhana yenye madhara zaidi ni hii: ovari ikitiwa friza haraka, imeokoka. Yai ni seli kubwa iliyojaa maji, na barafu ya friza huliharibu kutoka ndani. Hata baridi ya friji tu haiwafai wanyama wote. Ovari za paka huvumilia nyuzi 4 kwa siku nzima. Mayai ya nguruwe, yenye mafuta mengi, huharibika upesi. Lakini kuuacha mzoga juani ni kubaya vilevile.

Eti ovari moja hutoa kundi zima la ndama? Ovari ya ng'ombe ina maelfu ya mayai, ila yanayofaa kuchukuliwa siku hiyo kwa kawaida ni machache. Katika kila 100 yanayokomazwa maabara, 30 hadi 40 hivi ndiyo hufika hatua ya kiinitete, yaani mimba changa, kinachoweza kupandikizwa.

Na ndama wa yai la mama aliyekufa si dhaifu kwa sababu hiyo. Kasoro kama ndama kuzaliwa mkubwa kupita kiasi zimehusishwa na mazingira ya maabara, hata mayai yakitoka kwa ng'ombe hai.

Dhana inayoniuma zaidi inahusu faru weupe wa kaskazini. Wamebaki majike wawili duniani, Najin na bintiye Fatu, pale hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, na kuna wanaosema hakuna haraka, mayai yatachukuliwa wakishakufa. Yai hubeba umri na maradhi ya mama. Nabire, jike mwingine wa faru hao, alipokufa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki, Julai 2015, ovari yake ilipelekwa Italia. Lakini alikuwa na miaka 31, na kilichomuua ni kupasuka kwa uvimbe wa majimaji tumboni.

Linganisha na waliokuwa hai. Tarehe 22 Agosti 2019 majike wa Ol Pejeta walitolewa mayai 10. Saba yalikomaa, yakadungwa mbegu zilizogandishwa za Suni na Saút, madume waliokwisha kufa. Viinitete viwili vikapatikana, vyote vya Fatu. Najin hakutoa hata kimoja, na mwaka 2021 akapumzishwa kazi hiyo. Huyo ni jike aliye hai, anayelindwa usiku na mchana na kutunzwa na madaktari wa mifugo na wanyamapori.